Sahani Moja ya Papa Apollinaire

Leo, tarehe 30 Juni 1989, Papa Apollinaire Banza anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kuwauguza wagonjwa wa akili katika hospitali yetu hapa Kalemie. Kwenye karatasi za serikali anaitwa Banza Mukalay tu, kwa kuwa majina ya ubatizo yalipigwa marufuku. Wagonjwa wake hawasikilizi matangazo ya serikali, wakaendelea kumwita Papa Apollinaire, na sisi wauguzi tukaona si vizuri kubishana na wagonjwa.

Niliombwa niandike maneno mafupi na ya furaha. Furaha ipo. Lakini kuna habari inazunguka kwenye mabiro ya wakubwa, kwamba akishaondoka yeye, pavilioni yake ifungwe na kugeuzwa stoo ya saruji, na wagonjwa warudishwe kwao. Tunajua huko kwao wanangojewa na nini: kamba. Kwa hiyo wasifu huu umeandikwa na mtu mwenye hasira, mimi Hélène, muuguzi mwenzake, na siombi radhi.

Alipoanza kazi mwaka 1958, mji huu ukiitwa bado Albertville, kuta za pavilioni zilikuwa na pete za chuma za kufungia watu. Kijana Banza aliazima msumeno kwa fundi wa reli akazikata zote, bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Alipoulizwa zimekwenda wapi, alionyesha jikoni. Mpaka leo ndizo tunazotundikia sufuria.

Wagonjwa wetu wengi hufika wamefungwa. Huletwa kwa treni kutoka Nyunzu na Kabalo, au kwa mtumbwi wa injini kutoka vijiji vya ziwani, mikono nyuma, ndugu wawili watatu wameshika kamba. Papa Apollinaire hakuwahi kufungua fundo la mtu. Alimtafuta aliyelifunga, akamwambia kwa upole wake unaotisha: “Weye njo ulimufunga, weye njo utamufungua.” Kamba ikishaanguka, huagiza bukari, ugali wetu. Mgonjwa, ndugu aliyemfunga na muuguzi wa zamu wananawa, wanakaa chini na kula sahani moja kwa mikono, kabla ya sindano na kabla ya maswali. Mjini kwetu mtu akishaitwa kichaa hakuna anayekula naye. Anatengewa bakuli lake la bati, linawekwa nje karibu na kuku. Kwa Papa Apollinaire bakuli hilo lilikuwa baya kuliko kamba.

Déogratias, mvuvi, aliletwa hivyo na kaka yake. Kaka alifungua kamba, lakini kula akakataa kabisa, eti ameshiba. Papa Apollinaire hakumbembeleza. Alikula na mgonjwa taratibu, wakisifia sombe, kisamvu alichopika Mama Thérèse, mke wa Papa, huku kaka amesimama mlangoni na tumbo linamnguruma tukisikia sote. Mwisho akaketi, akamega tonge. Baadaye alituambia: “Niliogopa mate yake. Kumbe ni mate ya mutoto wa mama yangu!” Déogratias alikaa nasi msimu mzima wa mvua akapona. Siku hizi anauza ndagala, dagaa wa ziwa letu, sokoni, na akituona hatuondoki mikono mitupu.

Asidhani mtu kwamba tunamuaga malaika. Papa Apollinaire ni mbishi, anaimba vibaya sana na kwa sauti kubwa, na pilipili yake imewaliza wengi kuliko misiba. Jino lake la mbele lilitolewa na ngumi ya mgonjwa. Kesho yake alikuja kazini na mdomo umevimba, akakuta tumemfunga yule mgonjwa kitandani kwa shuka, akatugombeza mpaka tukamwonea haya. Shuka alilifungua daktari, maana ndiye aliyetoa amri. Kisha wakala pamoja, na Papa Apollinaire akatafunia upande mmoja.

Lakini siku ambayo Kalemie haitaisahau ni ile ya ugeni mkubwa. Wakubwa walikuwa wanatoka mbali, na amri ikatoka ya kusafisha mji: nyasi, takataka, na vichaa. Wagonjwa wetu wapakiwe kwenye lori, wakaachwe porini mbele ya Nyunzu. Ilikuwa Jumamosi, siku ya salongo, kila mtu yuko barabarani anafyeka na kufagia kwa lazima. Papa Apollinaire aliwapa wagonjwa majembe na mifagio, akawatawanya mjini, wawili hapa, watatu pale, katikati ya akina mama wa soko na makarani. Askari walipofika pavilioni walikuta sufuria tu. Wakazunguka mji mzima wakitafuta vichaa na hawakuona ila watu wanaofagia. Hatimaye walimkamata mmoja, aliyekuwa akipiga kelele peke yake katikati ya barabara na kurusha mikono. Alikuwa msimamizi wa salongo. Wagonjwa wetu walilisindikiza lori kwa macho, na mmoja wao, Mama Adrienne, akasema: “Masikini, yule njo mugonjwa kweli. Mumuletee bukari.”

Tulicheka, ndiyo. Wakubwa hawakumchekea Papa Apollinaire. Aliitwa biro akakemewa, kisha cheo alichostahili kupandishwa akapewa mwingine, na alipostahili tena akapewa mwingine tena. Anastaafu na cheo kilekile alichokuwa nacho siku ile. Tunaona uchungu, na tunausema hapa mbele ya wanaohusika. Yeye mwenyewe, akiulizwa kama angerudia, huuliza tu majembe yako wapi.

Papa Apollinaire, asante. Asante Mama Thérèse kwa sombe yote ile. Nendeni mkapumzike, mzeeke vizuri, mwone wajukuu wa wajukuu, na Mungu awalinde. Pavilioni usiiwaze. Majembe tunajua yalipo.

Neno la mwisho ni kwa wageni wetu, hasa ninyi mtakaoamua habari ya saruji. Ratiba mliyozoea huanza na hotuba, kisha wakubwa wanakula mezani kwao. Leo mstaafu ameiondoa meza hiyo, na hakuna atakayehutubu kabla ya kula. Bukari iko tayari ndani ya pavilioni, kwenye masahani makubwa, na wagonjwa wameshaketi wanawangoja. Maji ya kunawa yako mlangoni. Karibuni.