Yared Marko Nickson, Aliyehangaikia Joto la Pembeni (1971–2025)

Yared Marko Nickson alizaliwa Berega, wilayani Kilosa, tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili wa mzee Marko Nickson, mkulima wa mahindi na katekista, na mkewe Bi. Yunis. Wasifu huu umeandikwa na dada yake mkubwa, Happiness, aliyembeba mgongoni na kumpangusa makamasi, kwa hiyo ana haki ya kumsema. Wazee wa kanisa walimwomba usizidi ukurasa mmoja na usiwe na maneno makali. La ukurasa amejitahidi.

Alisoma shule ya msingi hapahapa Berega kuanzia 1979 hadi 1985, kisha sekondari na ufundi wa umeme mjini Morogoro, akamaliza 1992. Alipokuwa darasa la tano alipewa kazi ya kupiga pasi nguo za Jumapili. Mtoto mwingine angepiga pasi. Yeye aliigeuza ile pasi ya mkaa juu chini, akawa anaidondoshea maji ajue panapochemka haraka ni kwenye ncha au kisigino. Alipopata jibu akairudisha juu ya gauni la kipaimara la Happiness, akaenda kumwita baba aje aone. Gauni likatoboka mgongoni. Alichapwa, akalia, na katikati ya kilio akasema, "Lakini dada, ncha ndiyo yenye moto zaidi." Happiness alipokea kipaimara akiwa amejitanda kanga.

Mwaka 1993 aliajiriwa na kampuni ya kutengeneza mashine za ofisini mjini Morogoro, na mwaka 1998 akahamia Mikumi, akihudumia hoteli na ofisi za kandokando ya barabara kuu. Huko ndiko ugonjwa ulikoanzia. Si wa figo uliomuua, ule mwingine.

Kwa asiyejua, ndani ya printa mna hita inayoyeyusha wino wa unga ushike kwenye karatasi. Karatasi pana ikipita, inabeba joto lote. Kadi nyembamba ikipita, inabeba joto la katikati tu, na pembeni hakuna cha kulibeba, basi panachemka mpaka panaungua, kama unapobandika sufuria ndogo kwenye jiko kubwa. Ukipunguza moto, karatasi pana inayofuata inatoka na wino mbichi pembeni, ukiugusa unabaki kidoleni. Mafundi wote wanalijua hilo na wanaishi nalo. Wakishachapa kadi wanaiacha mashine ipoe, wanakwenda kunywa chai. Yared hakutaka chai. Alitaka hita yake mwenyewe, iliyogawanywa vipande, kila kipande na sensa yake ya kupima joto, kiwake pale tu karatasi inapopita. Jamani, nani alimtuma?

Tarehe 7 Julai 2001 alifunga ndoa na Letisia, binti wa Mikumi. Siku hiyohiyo, maharusi wamesimama mbele ya keki, kisu mkononi, Yared aliiona ratiba ya mshereheshaji. Akaichukua, akaisugua pembeni kwa kidole gumba, akamwonyesha bibi harusi. "Unaona? Walitangulia kuchapa kadi." Letisia alimjibu kwa sauti iliyofika mpaka meza ya nyuma: "Mume wangu, kata keki." Akakata. Kidole kikaacha doa jeusi kwenye kipande alicholishwa mama mkwe.

Mwaka 2009 walihamia Kilosa mjini, wakafungua duka la steshenari Magomeni. Kila msimu wa harusi kadi za mchango zilimiminika, na kila msimu Yared alikuwa ameifungua printa, vyuma vimetandazwa mezani. Mzee Mwinshehe alikuja siku moja kufuata kadi za binti yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, mbona kadi zangu zinanuka moshi?"

"Zimepita kwenye hita mpya, mzee. Subiri kidogo ntakuonyesha kilichotokea."

"Sitaki kuonyeshwa mimi. Binti anaolewa."

Letisia alizichukua zile kadi, akakimbia nazo duka la jirani kwa Ziada, zikachapwa upya. Ndivyo walivyoishi. Bwana anaunguza, bibi anakimbia.

Mwaka 2022 Yared aligundulika kuwa na presha iliyokwisha kugusa figo. Alipangiwa kliniki. Letisia alimfulia shati la kliniki, akamwandalia nauli, akampigia Happiness ili wamsukume wote wawili, na bado siku ikifika mtu hayupo, yuko nyuma ya duka na hita yake. "Nikimaliza hii naenda." Wallahi, Happiness ni Mwanglikana, lakini kwa Yared alikuwa ameanza kuapa.

Februari mwaka huu alilazwa hapa Berega. Akiwa kitandani ikamjia kwamba wakati wa masika karatasi hunyonya unyevu kuanzia pembeni, kwa hiyo pembeni panahitaji moto zaidi na si sawa na katikati. Wazo zuri, hakuna anayebisha. Mwenye wazo akashuka kitandani, akapanda gari la Dumila na kuunganisha la Kilosa, plasta ya dripu ingali mkononi. Letisia alimkuta dukani ameshika bisibisi, miguu imevimba hadi viatu havimwingii. Daktari alisema wazi: akitoroka tena, asitegemee kurudi mzima.

Aprili alilazwa tena. Safari hii alimpa mkewe masharti. "Chapa kadi nyembamba mfululizo mpaka mashine ipate moto, halafu pitisha karatasi pana, uniletee hiyo. Ikiwa pembeni hapajashika, nakuja kurekebisha mwenyewe." Letisia alikwenda Magomeni, akafanya vilevile. Pembeni hapakushika. Alikaa dukani akalia, kisha akafanya alichozoea kufanya, akaenda kwa Ziada, akachapa ukurasa uleule, akauleta Berega.

Yared aliusugua pembeni kwa kidole gumba. Akakitazama kidole. "Imeshika," alisema. "Basi nalala." Na akalala kweli. Akanywa dawa bila ubishi, akala uji, akakubali kugeuzwa na manesi. Siku zilizobaki zilikuwa za amani kuliko zote ambazo Letisia alizipata katika ndoa ile. Yared alifariki Jumanne tarehe 29 Aprili 2025, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Letisia, watoto wawili, Valentino na Goodhope, na dada yake Happiness.

Wifi Letisia, tangu msiba uanze umekuwa ukilia kwamba ulimdanganya mumeo, naye akafa akiwa amedanganywa. Sasa sikiliza. Ile siku ya karatasi, ulipotoka kwenda kuchukua maji ya moto, Yared alimwita dada yake karibu akamwambia, "Hii imetoka kwa Ziada. Mashine yake huwa inaacha kamstari huku juu." Happiness akamuuliza, sasa unalalia nini? Akasema, "Amekimbia vya kutosha. Acha nilale, naye apumzike. Usimwambie." Happiness hakuahidi kitu. Maisha yake yote mtu huyu hakuwahi kuiacha ile hita kwa ajili ya yeyote, si baba, si daktari, si dada. Aliiacha kwa ajili yako, akijua kabisa kwamba haijakaa sawa.

Bwana ampokee Yared na kumlaza. Na safari hii asishuke kitandani mpaka Bwana mwenyewe atakapomwita kwa jina.