Wasifu wa Ardis Kvamme, Aliyerudi kwa Wale Kumi na Mmoja

Ardis Josefine Kvamme alizaliwa tarehe 9 Februari 1951, katika shamba la ng'ombe wa maziwa maili nne kaskazini mwa mji huu wa Nordhaug, Minnesota, akiwa mtoto wa kwanza wa Selmer na Inga Tveit. Theluji ilikuwa imefunga barabara, na mkunga alifika kesho yake, mtoto ameshanyonya na kulala. Mama yake alipenda kusema kwamba Ardis alianza maisha kwa kumsubiri mtu wa afya. Miaka mitano baadaye alizaliwa mdogo wake wa pekee, Delmar, ambaye ndiye anayewasomea haya.

Alisoma shule ya chumba kimoja iliyokuwa karibu na shamba, kisha sekondari ya Nordhaug, akamaliza mwaka 1969. Alisomea uuguzi mjini St. Paul na kuhitimu mwaka 1972. Hakuwahi kuwa wa kwanza darasani. Alikuwa yule anayenyoosha mkono kuuliza swali wakati wenzake wameshavaa makoti.

Tarehe 14 Juni 1975 alifunga ndoa katika kanisa hili na Orrin Kvamme, dereva wa lori la maziwa, mtu wa mizaha, asiyejua kukataa kazi ya kanisa. Walijaliwa watoto wawili, Signe na Paul.

Mwaka 1978 Ardis aliajiriwa na ofisi ya afya ya kaunti kufuatilia magonjwa ya kuambukiza, na huko alikaa miaka thelathini na saba. Kazi yenyewe haina fahari. Kliniki inapiga simu: watu wawili wanaharisha na hawajuani. Ardis anaamua nani ahesabiwe mgonjwa na nani asihesabiwe, anaandika majina, kisha anaanza kupiga simu nyumba hadi nyumba. Ulianza kuumwa lini, saa ngapi? Ulikula nini, na nani? Kila mgonjwa alikuwa kisanduku kimoja kwenye karatasi ya miraba, juu ya siku aliyoanza kuumwa, na visanduku vikipanda juu siku moja vikashuka, alijua watu wote walipatia ugonjwa mahali pamoja. Aliwapigia na wazima pia, maana kama wazima nao walikula mayai, basi mayai hayana kesi. Hao wazima ndio waliomchosha.

"Ardis, mimi siumwi!" jirani mmoja alimfokea.

"Ndiyo maana nakupigia," alijibu. "Haya, Jumamosi mchana ulikula nini?"

Watu wa mbali walimletea sampuli za choo nyumbani, wakaziacha kwenye jokofu la barazani, kila mtu na chombo alichokipata. Paul, akiwa na miaka minane, alifungua ndoo ya aiskrimu iliyoandikwa vanila. Ana miaka arobaini na nne sasa, na mpaka leo hali aiskrimu ya ndoo.

Jumapili tarehe 21 Agosti 1994 kanisa hili lilitimiza miaka mia, na watu mia mbili na kumi na wawili walikula chakula cha mchana ukumbini hapa chini. Kufikia Jumanne, sabini na mmoja walikuwa wanatapika. Alhamisi alifariki mzee Hjalmar Stene, miaka themanini na minne. Ardis alitayarisha maswali kwa kunakili orodha ya kina mama iliyobandikwa kwenye mlango wa jiko, nani analeta nini. Wagonjwa sitini walikuwa wamekula saladi ya kuku ya Verna Ostby, na wazima wengi hawakuila. Ijumaa ofisi ikatoa tangazo kwamba saladi ndiyo iliyoleta ugonjwa, na gazeti likaliweka ukurasa wa kwanza.

Walibaki wagonjwa kumi na mmoja ambao walisema hawakuigusa saladi. Kando ya majina yao Ardis aliandika neno moja: wamesahau. Halafu neno hilo likamkosesha raha. Wiki sita baadaye alimwambia Delmar, "Watu kumi na mmoja hawawezi kusahau kitu kimoja," akaanza kuwapigia upya. Wa mwisho alikuwa Gunnar Aasen, mwalimu wa hesabu.

"Ardis, nimeshakwambia mara mbili. Sikugusa saladi, sikugusa chochote. Nilikuwa nimeng'olewa jino."

"Hata kinywaji?"

"Ah, juisi ya malimau. Niliomba barafu nyingi, nitulize fizi."

"Barafu ilitoka wapi?"

Mwalimu alicheka. "Unaniuliza mimi? Si mumeo ndiye aliyetugawia, tena kwa mikono yake!"

Barafu haikuwemo kwenye maswali kwa sababu haikuwemo kwenye orodha ya jikoni. Hakuna anayejiandikisha kuleta barafu. Orrin huja nayo tu. Na ndoo ya juisi ilikaa mwisho wa meza, kando ya bakuli la Verna, kwa hiyo aliyepakua saladi alichukua na kikombe, na wale kumi wengine nao walikunywa juisi hiyohiyo. Siku hiyo Delmar alikuwa amekwenda kuazima ngazi, akamkuta dada yake amesimama uani mbele ya mumewe aliyekuwa anaosha lori.

"Orrin, Jumamosi ile kabla ya sherehe, tumbo lako lilikuwaje?"

"Lilinisumbua kidogo. Nilitapika mara mbili hivi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungenizuia kwenda. Na barafu angebeba nani, mke wangu?"

Ardis aliketi kwenye ngazi ya lori, na Delmar akaondoka bila kuazima chochote.

Aliandika masahihisho kwa mkono wake mwenyewe: saladi haikuwa na kosa, aliyekosea ni yeye, na barafu iliyobeba ugonjwa ilitoka nyumbani kwake. Gazeti liliyaweka ukurasa wa sita, chini ya tangazo la mnada wa matrekta. Kisha alikwenda kwa Verna, na Verna akampa kahawa, maana huku kwetu hata mtu uliyemkasirikia humnyimi kahawa.

"Nimeyasoma masahihisho yako, nashukuru," Verna alisema. "Lakini tulimzika Hjalmar watu wananitazama mimi."

Kwa miaka thelathini iliyofuata, kila ilipopitishwa orodha ya chakula, Verna aliandika kitu kimoja kando ya jina lake: karatasi za kupangusia mikono. Ardis aliliona jina hilo kwenye orodha. Liliuma kila mara.

Orrin alifariki mwaka 2011. Ardis alistaafu mwaka 2015. Machi 2020 ofisi ilimwita tena, akiwa na miaka sitini na tisa, awapigie simu walioambukizwa korona na waliokaa nao karibu. Alipiga simu miaka miwili. Alitukanwa na watu aliowachanja wakiwa wachanga, na kila simu aliimaliza kwa kusema asante kwa muda wako. Alichoka, na hakupona uchovu ule. Tuseme wazi, nasi tulimchosha.

Aprili 2023 madaktari walimwambia mapafu yake yanakakamaa. Alitembea na mtungi wa oksijeni, akimsahihisha daktari kijana jinsi ya kuuliza maswali. Oktoba mwaka huu alimwomba Signe ampigie Verna Ostby, naye Verna, mwenye miaka tisini na mmoja, akaja siku ileile. Signe alikuwepo chumbani.

"Verna, kwenye mazishi yangu nataka saladi yako ya kuku."

"Acha mzaha, Ardis. Na wakikataa kula?"

"Basi watakataa. Mimi sitakuwepo kuwahoji."

Verna alicheka, kisha akalia, na Ardis akamshika mkono. "Siahidi," Verna alisema akiondoka. Ardis alifariki nyumbani kwake asubuhi ya Ijumaa, tarehe 8 Novemba 2024, watoto wake wakiwa kando yake.

Ameacha binti yake Signe na mumewe Neil, mwanawe Paul, wajukuu watatu, mdogo wake Delmar, na kaunti nzima ambayo inajua kunawa mikono hata kama haikumbuki nani aliifundisha. Ametanguliwa na wazazi wake na Orrin, ambaye Ardis alimsamehe mapema kuliko alivyojisamehe yeye mwenyewe.

Tukitoka makaburini, chakula kiko ukumbini hapa chini. Safari hii karatasi za kupangusia mikono ameleta Delmar. Mwisho wa meza liko bakuli la buluu, na Verna amesimama nyuma yake ameshika kijiko tangu saa nne. Dada yetu alale, na simu yake inyamaze. Sisi tushuke tukale.