Kadi ya Njano ya Temyong

Benchi la Aling Sioning, mama muuza kahawa, limefungwa kwa waya kwenye nguzo ya umeme, kwa sababu mwaka ule wa kimbunga liliondoka lenyewe likaja kupatikana uwanja wa kanisa. Hapo ndipo madereva wa traisikeli, zile pikipiki zenye kigari ubavuni, wanaposubiri zamu zao kila asubuhi, na hapo ndipo mkoa mzima wa Batangas, hapa Ufilipino, unaposemwa bila wakili. Kahawa ni barako, nyeusi ya kukereketa koo, na birika ni moja tu. Likiisha, kila mtu aende akatafute riziki. Jumatano hiyo Nardo alikaa mwisho wa benchi, mguu kaupachika kwenye gurudumu la traisikeli yake, na chini ya mto wa kigari chake kulikuwa na kadi ya njano isiyokuwa yake.

Aliiona jana jioni akikung'uta mchanga. Jina liliandikwa wazi: Artemio Dimaano, yaani Temyong, na nyumba ya Temyong ni ya nne kutoka kwake. Angeipeleka kwa dakika mbili. Badala yake aliirudisha chini ya mto, akaenda kulala, na usingizi ukamjia mtamu kabisa. Hilo la usingizi ndilo lililomsumbua asubuhi.

Wivu wenyewe haukuanza jana. Miaka kumi na minne iliyopita Nardo ndiye aliyekuwa akimpeleka Rowena chuo cha uuguzi, bure, miezi tisa mfululizo, na katika miezi hiyo yote maneno ya maana aliyomwambia yalikuwa, "Shika vizuri, kuna shimo." Temyong alipanda nao siku moja tu ya mvua, akaongea njia nzima. Wakaoana. Nardo akaja kuoa kwingine, Temyong akamshikia mwanawe ubatizoni, na tangu hapo wanaitana pare, kama ndugu. Sasa Rowena ni muuguzi Teksas, amemwombea mumewe viza ya kumfuata, na kesho saa moja asubuhi Temyong anatakiwa Manila kupimwa afya: kifua, damu, na chanjo zote aonyeshe.

Temyong alifika akihema, begi begani, shati limelowa jasho.

— Jamani, kuna aliyeona kadi yangu ya chanjo? Nimepekua nyumba nzima, mpaka ndani ya gunia la mchele.

— Kaa kwanza, unywe, alisema Mang Ambo, mzee anayeitwa Daktari kwa kuwa alilinda geti la hospitali miaka kumi na mmoja. Bila kadi, mwanangu, wanakuanza upya. Surua, pepopunda, kifaduro, mafua, tetekuwanga. Na ile ya kitovu.

— Kitovu? Mang Ambo, mimi nina miaka thelathini na tisa!

— Wale hawaangalii umri. Wanaangalia nafasi iko wapi.

— Na tetekuwanga niliugua. Darasa la pili.

— Shahidi nani?

— Mama.

— Mama yako yuko makaburini. Unataka wampigie simu?

— Nina kovu, hili hapa mgongoni.

— Hilo ni la kuanguka mfenesini, alidakia Boknoy, dereva wanayemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Nilikuwepo. Ulilia mpaka ukapewa nusu fenesi.

Watu wakacheka. Nardo naye akacheka, kisha akasikia sauti yake mwenyewe ikisema:

— Mimi nilisikia asiye na kadi, faili lake linawekwa chini ya mengine yote. Mwaka mzima. Wengine miwili.

Aliuona uso wa Temyong ukinywea. Kusema kweli, aliona raha. Ilikuwa raha fupi na chafu, lakini ilikuwa raha.

— Miwili? Pare, Rowena keshanunua mpaka koti langu la baridi.

— Ndiyo nilivyosikia.

— Nyie hamjui kitu, alisema Redio. Sindano ya mume anayemfuata mkewe si kama ya watu wengine. Ile wanachanganya na dawa ya utii. Kuna jamaa wa upande wa Lemery, alikuwa akipiga kelele nyumba inatikisika. Kafika kule, mke anatuma video: jamaa anakunja soksi. Soksi za mama mkwe!

— Si utii, ni namba, alisema Daktari. Inakaa ndani ya damu. Mke yuko kazini, anafungua simu: mume yuko jikoni. Mume yuko chooni. Mume yuko kwa jirani. Hapo kwa jirani ndipo simu inapolia.

— Niliona kwa macho yangu pale getini, aliongeza Daktari huyohuyo, ingawa hakuna aliyemuuliza.

— Au labda, alisema Nardo akiitazama kahawa yake, mke mwenyewe hana haraka. Miaka mitano peke yake, hospitali imejaa madaktari warefu. Pengine kadi ikipotea ni nafuu kwake.

Aling Sioning akaacha kukoroga.

— Pare, alisema Temyong polepole. Hilo ni zito.

— Natania tu.

Hakuwa anatania, na hakuna aliyekaa pale ambaye hakujua. Wote waliikumbuka ile miezi tisa ya lifti ya bure.

Redio, ambaye kimya humuumiza kama jino, akaokoa jahazi.

— Hebu tuulizane la maana. Temyong, juzi ulijisaidia wapi ukitoka kwenye harusi?

— Kwenye kile kichuguu nyuma ya kanisa.

— Uliomba radhi kwanza?

— Nilikuwa nimebanwa, bwana!

— Kwisha! Umewakojolea wenye nyumba bila hodi. Kadi iko kwa vile vijitu visivyoonekana vinavyokaa kichuguuni. Na hapa tunapoongea, kuna kimoja kimo ndani ya basi la Manila, kifupi hivi, kina chanjo zote, kinaenda kwa Rowena.

— Kifuani watakipimaje? aliuliza Daktari, sasa amekasirika kitaalamu. Kifua chenyewe si hiki, sawa na kiberiti!

— Watakisimamisha kwenye kopo.

Wakiwa katikati ya kukisimamisha kijitu kwenye kopo, akafika Jovita, mkunga mpya wa zahanati ya mtaa, hana hata wiki mbili tangu ahamishiwe. Alikuja kwa baiskeli, njiani kwenda kazini, na chupa yake ya chai ajaziwe kahawa.

— Kuna msiba? aliuliza.

— Kadi yangu imepotea, dada, alisema Temyong. Ile uliyonijazia jana. Na basi langu ni saa tatu hii.

— Ile ya njano? Kuya, kaka yangu, ndiyo unajitoa roho hivyo? Daftari langu lina kila sindano niliyokuchoma. Pitia zahanati nikuandikie nyingine, dakika tano.

— Na ningefika kule sina kabisa?

— Wangekuchoma zile zinazokuhusu kwa umri wako, ukarudi mkono unauma. Tetekuwanga unamweleza daktari kwamba uliugua. Basi.

— Faili haliwekwi chini? aliuliza Temyong.

— Chini ya nini?

Daktari akakohoa. Nardo alihisi moto ukimpanda masikioni. Ubaya wote ule, usiku mzima wa ubaya, ulikuwa na thamani ya mkono mmoja kuuma. Hata kudhulumu kwenyewe hakukujua.

Jovita akapokea chupa yake, akafunga kizibo. Alikuwa anageuka, akakumbuka jambo.

— Lakini jana uliondoka nayo mkononi. Nilikuona unajipepea nayo pale mlangoni. Ulirudi na nani?

Ubao wa zamu umepigiliwa kwenye ile nguzo, juu kidogo ya vichwa vyao, na chaki ya jana ilikuwa haijafutwa: Zahanati, saa tisa, Nardo. Mgeni hakujua kwamba ubao upo. Wenyeji ghafla wakaanza kutazama vikombe vyao, Redio akiwa wa kwanza. Aling Sioning aliinamisha birika juu ya kikombe cha Daktari, yakatoka matone mawili na machicha.

— Imekwisha, alisema.

— Nilirudi kwa miguu, dada, alisema Temyong. Hakumtazama mtu. Jua lilikuwa zuri.

Kutoka zahanati ni kilomita nne, na jana jua lilikuwa la kupasua kichwa.

— Haya, basi nakusubiri kule, alisema Jovita, akaenda zake.

Temyong akainuka na begi lake.

— Zamu ya nani?

Zamu ilikuwa ya Redio. Redio akainama kufunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa ndala.

— Yangu, alisema Nardo.

Walifika penye traisikeli. Temyong hakuketi. Alisimama kando ya kigari, macho kanisani, akisubiri. Nardo aliinua mto, akaitoa kadi, akaipangusa mchanga kwenye suruali, akampa. Alitafuta neno, kama alivyolitafuta miezi tisa ndani ya traisikeli ileile, na halikuja.

Temyong akaitia kadi mfuko wa shati, akafunga kifungo. Ndipo akaketi.

— Rowena anakusalimu, alisema. Kila Jumapili akipiga simu huuliza kama lile shimo limezibwa.

Nardo alipiga pikipiki teke, haikuwaka. Akapiga tena. Wivu ulikuwa palepale, haujapungua hata chembe, na sasa ulikuwa umekaa na aibu kiti kimoja.

— Mwambie bado, alisema.