Maji ya Rejeta na Mteremko wa Mtoni

Asalaam aleikum wenzangu, na nyie wa upande wa pili, amani ya Mungu iwe kwenu. Wakubwa zangu shikamooni.

Mama mwenyekiti amesema leo asimame mtu aeleze kilichomwangusha na kilichomwinua, na asitaje jina la mtu. Basi mie majina yote nimeyaacha nyumbani. Mnaonijua mtajua namsema nani, na msionijua haiwapunguzii kitu.

Makovu haya mnayaona. Shingoni, mkono huu mpaka kwenye kiwiko, na hapa kidevuni ambapo mtandio haufiki. Kila mgeni akija kwenye kikundi ananiuliza chini chini, "Dada, pole, ni jiko la mchina?" Si jiko, ndugu zangu. Ni gari.

Mume wangu alikuwa dereva wa malori. Miaka mingi akitoa mizigo Kurasini, anapeleka mpaka Songea huko. Ilipokuja ruksa ya biashara, mnakumbuka, kila kitu kikaanza kushuka bandarini: mitumba, redio, magari yaliyochoka kwa wenzetu. Naye akapata pikapu yake mwenyewe, nyeupe, mlango mmoja umegongwa. Aliipenda, jamani! Asubuhi kabla hajanywa chai yuko chini ya boneti. Mie nikimcheka, namwambia, "Ungekuwa unaniangalia mie hivyo!" Sikuwahi kumuuliza anaangalia nini.

Akaanguka bafuni. Kiharusi. Upande wa kulia wote ukafa, na ulimi ukawa mzito. Mtu aliyekuwa na maneno mengi kuliko baraza zima la Mbagala akabaki na neno moja moja, na hilo moja analitafuta mpaka jasho linamtoka. Watoto wakawa wanaogopa kuingia chumbani.

Pikapu imesimama uani, kuku wanalala juu yake. Mie na mdogo wangu tulikuwa tunapika chakula, tunawauzia wapagazi wa yadi za makontena kule Kurasini, na masufuria tunabebeana kichwani mpaka barabarani kutafuta usafiri. Nikasema, mbona gari lipo? Nikaenda kujifunza. Watu walisema, mwanamke gani huyu, mume yuko kitandani yeye anashika usukani. Nikawaacha waseme. Nikapata leseni, nikafukuza kuku.

Nawaambia kitu kimoja hapa, na mkishike. Kuendesha nilifundishwa. Gari sikufundishwa. Kuondoka, kukata kona, kurudi nyuma, kusimama, hivyo nilivijua. Kile kilichoko chini ya boneti kwangu kilikuwa kama tumbo la mtu. Unajua kuna vitu humo, lakini si kazi yako kuvitazama.

Siku ile tulikuwa na tenda ya harusi Msasani. Pilau sufuria mbili kubwa, nyama, kachumbari, vyote nyuma na mdogo wangu amevishikilia. Jua la mchana. Gari lilikuwa linapiga kelele mbele, kelele nyembamba kama paka amebanwa mlangoni, halafu kelele ikakata. Nikafurahi kwamba imenyamaza! Kumbe mkanda wa feni ndio umekatika. Pale kwenye dashibodi kuna mshale wa joto, ulikuwa umelala kwenye rangi nyekundu. Mie sikujua hata kama ule mshale unasema kitu. Mpaka moshi ulipotoka mbele ndipo nikasimama.

Harusini wanasubiri. Mdogo wangu anapiga bati la juu, "Dada, kuna nini? Dada, tutachelewa!" Akapita baba mmoja na baiskeli yake, akasema, "Hilo limekauka maji tu, mama. Fungua hapo uongeze." Hakuwa na nia mbaya, alisema anachojua. Nikachukua kitambaa cha sufuria, nikauzungusha mfuniko wa rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini.

Jamani.

Kwanza sikusikia maumivu. Nilisikia mtu anapiga kelele, nikawa nageuka nimtafute ni nani. Yale maji hayakumwagika, yaliruka. Maji yaliyofungiwa yakichemka, ukiyafungulia yanakurukia wewe. Pembeni kulikuwa na mafundi wanajenga ukuta. Mmoja akaja mbio na ndoo ya maji safi, akanimwagia, akachota tena, akanimwagia, huku mdogo wangu anamzuia eti nitapata baridi, naye anamfokea, "Muache apoe! Usimpake kitu!" Mtu mwingine alikuwa tayari ameshaleta dawa ya meno na unga wa ngano. Yule fundi akakataa katakata. Wakasimamisha gari, nikafikishwa Mwananyamala.

Sitawasimulia hospitali, nyote mmeuguza. Nitasema tu kwamba muuguzi mmoja wa pale, kila akinibadilisha bandeji, alinilazimisha kukunja na kukunjua vidole. Nalia, yeye anasema, "Lia, lakini kunja." Mkono huu ninaoshikia kipaza sauti ni kazi yake.

Nikarudi nyumbani mwili unapona, lakini mimi siponi. Sijui niwaelezeje. Nilikuwa siwezi kutulia. Nafagia uwanja, nikimaliza naanza upya. Naenda mpaka barabarani, nafika, sijui nimefuata nini, narudi. Birika likianza kuimba jikoni, mie niko nje tayari, kanga mkononi. Mpishi anayeogopa maji ya moto, mmeshaona? Mdogo wangu akawa anapika peke yake, anabeba peke yake, na mwisho tukaacha kwenda Kurasini. Na mume wangu kwenye kiti chake ananifuata kwa macho, huku nakwenda, huku narudi.

Pikapu ilikuwa imevutwa mpaka uani na kutiwa mkanda mwingine, lakini nilikuwa siipiti karibu. Nikienda chooni nazunguka nyuma ya nyumba.

Mdogo wangu akasema, "Dada, hili liuzwe. Litakuua."

Nikasema liuzwe. Wakaja wanunuzi wawili, wakapiga tairi teke kama kawaida yao. Mume wangu akawa anatikisa kichwa, anahangaika, mate yanamtoka, mpaka likatoka: "Hapana."

Nikamwambia, "Hapana nini, baba? Nani ataliendesha?"

Akaninyooshea kidole cha kushoto. Mimi.

Nilikasirika, nawaambia ukweli. Niliingia ndani nikafunga mlango, nikasema huyu kichwa nacho kimekufa.

Baada ya hapo ikaja asubuhi moja natoka kuchota maji, nakuta kiti chake kitupu. Namtafuta, nakuta amejikokota, mguu mmoja anauvuta mchangani kama gunia, amefika kwenye pikapu na ameegemea mbele yake, boneti iko wazi. Jinsi alivyoifungua kwa mkono mmoja ule hata leo hajanieleza. Aliponiona akasema, "Njoo."

"Siji."

"Njoo."

"Baba watoto, utaanguka, rudi ukae."

Akauweka mkono wake wa kushoto juu ya mfuniko wa rejeta. Mie nikafumba macho kabisa, nikasikia ukizunguka, kra, kra. Nikasubiri kelele. Kimya. Nikafumbua. Ameushika mfuniko mkononi, ananionyesha.

"Baridi," akasema. Halafu akatafuta, akatafuta, midomo inacheza. "Gusa."

Nilisogea kama mtu anayesogelea chatu. Nikagusa. Maji yalikuwa baridi kama ya mtungini. Nikaanza kulia pale pale, mikono ndani ya gari, na yeye ananipigapiga mgongoni kwa ule mkono wenye mfuniko.

Basi hapo ndipo tulipoanza. Kila asubuhi namwekea kigoda mbele ya gari, anashika fimbo, anaonyesha. Mie nauliza, yeye anakubali au anakataa. Hii ni oili? Anainamisha kichwa. Kijiti nakichomoa, nafuta, narudisha, nachomoa tena naangalia imefika wapi. Mkanda wa feni naubonyeza kwa dole gumba, ukilegea sana haufai, ukiwa na nyufa haufai. Kile kikopo kidogo cha mafuta ya breki, kisishuke chini ya mstari. Nainama naangalia uvunguni kama kuna tone. Tairi nazipapasa. Nikikosea fimbo inanigonga kidogo mguuni. Nikiharakisha anasema, "Polepole." Na mie polepole siiwezi! Tuligombana sana, yeye neno moja, mie mia. Lakini tuligombana kama zamani, mnanielewa? Watoto wakaanza kuja kukaa karibu kusikiliza.

Akanifundisha hata kusubiri. Tuliwasha gari likapata moto makusudi, tukazima, boneti juu. Akanizuia kwa fimbo. Nakwenda mpaka jikoni, narudi, "Tayari?" Anatikisa kichwa. Naenda tena. Mpaka ule mpira mnene wa juu, unaopitisha maji ya rejeta, unaweza kuushika kwa mkono na usikuchome, hapo ndipo unachukua kitambaa kizito, unasimama pembeni, uso mbali, unazungusha robo tu, pumzi itoke, ndipo unamalizia. Siku nilipofanya peke yangu, nikaenda jikoni nikabandika maji ya chai.

Tukarudi Kurasini, mie na mdogo wangu na masufuria. Na siku za mazoezi ya mume wangu hospitali, tunamchukua. Namketisha mbele, namfunga na kiti kwa kanga kifuani kwa sababu upande ule humlegea.

Sasa sikilizeni. Siku moja ya mazoezi, asubuhi, tumetoka Mbagala. Nimeangalia kila kitu, mafuta ya breki yako kwenye mstari, uvunguni pakavu. Mdogo wangu nyuma na chakula. Tunaanza kuteremka kushukia daraja la Mtoni. Mbele yangu lori la mchanga linakwenda taratibu. Upande wa pili magari yanapanda mfululizo. Chini kule darajani akina mama wa ndoo wanavuka. Nakanyaga breki.

Mguu ukaenda mpaka chini.

Nikakanyaga tena. Kama kukanyaga maji. Nikapampu harakaharaka, tena na tena, hakuna kitu. Lori linanijia kubwa. Nikamtazama mume wangu. Hendibreki iko katikati yetu, upande wa mkono wake uliokufa. Niliona anajaribu kuuinua kwa bega, hauinuki. Akasema, "Gia."

Nikasikia mwili umetulia. Sijui utulivu ule ulitoka wapi, mimi ambaye hata msibani siwezi kukaa mkekani. Nikatoa gia ya nne nikaweka ya tatu, injini ikalia kwa uchungu, gari likapungua. Nikaweka ya pili. Taa nimewasha, honi siachi, wale akina mama wakatawanyika na ndoo zao. Nikashika hendibreki, kidude cha mbele nimekibonya kwa kidole, navuta kidogo naachia, navuta kidogo naachia, kwa sababu ukiivuta kwa pupa tairi za nyuma zinakamata na gari linazunguka. Mdogo wangu nyuma anasoma kila aya anayoijua. Kushoto nikaona lundo la mchanga la mtu anayejenga. Nikalenga pale.

Tuliingia kwenye mchanga mpaka taa zikazama. Sufuria ya maharage ikaruka. Injini ikazimika.

Mdogo wangu akashuka, rojo la maharage kichwani, anajishika mwilini kuhakikisha viungo vyote vipo. Mie nimeganda na usukani. Nikamgeukia mume wangu, kanga imemshika vizuri, hana hata mchubuko.

Akasema, "Vizuri."

"Vizuri nini? Nusura nikuue!"

"Vi-zu-ri." Na akacheka, ndugu zangu. Mdomo umekwenda upande, machozi yanamtoka, anacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu aanguke bafuni. Na sie tukacheka na maharage yetu, watu wa Mtoni wamekusanyika wanatushangaa, wengine wanasema hawa wamerogwa.

Fundi alipolifungua akakuta mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta yake, umepasuka. Ulikuwa mpya! Umetoka kwenye boksi linalong'aa, lakini bandia, siku hizi zimejaa. Kwa hiyo nisiwadanganye kwamba ukikagua gari halitakusumbua. Litakusumbua. Ila likikusumbua litakukuta unajua mkono uende wapi.

Siku hizi uani kwangu Jumamosi wanakuja wanawake, wengine mko humu, na magari ya waume zenu mnayoyaazima kwa siri. Mume wangu anakaa kwenye kigoda na fimbo yake. Maneno yameongezeka. Sasa anaweza kumtukana fundi sentensi nzima.

Nawashukuru wale wajenzi wa Msasani, hasa yule wa ndoo, popote alipo Mungu amjengee. Namshukuru muuguzi. Namshukuru mdogo wangu, ambaye baada ya Mtoni alipanda tena nyuma ya pikapu ile bila kuulizwa. Nakushukuruni nyie mliokuja kufagia kwangu nilipokuwa nimelala, mkanipikia, mkaniogeshea watoto. Na yule mzee wangu sina la kumwambia mbele za watu, nitamwambia nyumbani.

Mtaniuliza, hofu imekwisha? Haijaisha. Kila asubuhi naamka nayo, imenikalia kifuani, hainiachi nilale. Zamani ilikuwa inanizungusha nyumba nzima bure. Siku hizi nimeipa kazi: inaniamsha, inanitoa kitandani, inanipeleka mpaka uani kabla injini haijaguswa, nikapime maji yangali baridi. Na wewe mwenye yako, iwe ya gari au ya jambo lingine, usihangaike kuifukuza. Itume.