Ng'ombe Mmoja Amenirudia

Sabato njema, wapendwa. Mmeniona nikipanda kilima hiki cha Nyanchwa kwa miguu, tai haijapinda. Nanyi vijana mliokuja na bodaboda, mnasemaje?

Mnajua niliondoka hapa mikono mitupu nikarudi na diploma ya ufundi wa mitambo, na nyumba ya ghorofa nimeijenga mwenyewe. Injini ikisikia nimekohoa, inawaka! Lakini injini ya kifuani ilinishinda. Nilikuwa nikitoka kuchuma majani chai nahema kama mbwa wa kuwinda, mpaka siku moja nikaanguka shambani. Daktari akasema mlango mmoja wa moyo, wanaouita vali, umekakamaa. Usipobadilishwa, nitazikwa.

"Weka ya chuma," nikamwambia. "Chuma nakijua."

"Chuma kinadumu, mzee, lakini utameza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yako yote. Ukijikata na panga, utavuja sana. Vali ya mnyama huchakaa, ila kwa mtu wa umri wako huchakaa polepole kuliko kwa kijana."

Ndugu zangu, nawaambia, nilibisha hadi daktari akavua miwani. Mimi, nifungiwe kitu cha kuchakaa? Tena nikauliza, "Si ya nguruwe?" Mnacheka, lakini hata ninyi mngeuliza!

"Za nguruwe zipo. Hii ni ya ng'ombe, imeshonwa kwa utando unaofunika moyo wake."

Mama watoto akaweka kikapu chini. "Baba Moraa, kwani wewe ni trekta? Ulimpelekea baba yangu ng'ombe wengi wa mahari. Chukua mmoja, upone, twende nyumbani."

Nikatia sahihi nikicheka.

Miaka zaidi ya kumi imepita. Juzi nimepigwa picha ya moyo: vali imeanza kuchakaa kidogo tu, bado inafunguka na kufungika vizuri. Siku ikichoka, daktari anasema huenda wakapitisha nyingine kwenye mshipa wa paja, ikae ndani ya hii, bila kunipasua kifua tena.

Asanteni mlionichumia chai nikiwa kitandani, mlioniletea uji wa wimbi, hata mliokuja kuniombea mkamaliza ndizi zangu zote. Ukianza kuhema mlimani, usiseme ni uzee. Kapimwe moyo, na daktari akieleza, msikilize, hata kama una diploma.

Mama Moraa, simama wakuone. Nanyi shemeji zangu mlioketi pale nyuma, sikieni vizuri: ng'ombe mmoja amenirudia, lakini mke simrudishi!