Piano Aliyoahidiwa Wifi

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Kimya, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kifungua mimba wa seremala na mshonaji. Jina hilo alilistahili. Aligonga ubao kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, na ole wake aliyekohoa.

Shule aliiacha baba alipougua, ingawa hesabu alizimeza kama maji. Akaingia karakana ya mzee mmoja aliyeunda kwa mkono zile piano kubwa za miguu mitatu, na mzee alipofariki, akairithi. Mbao za kutolea sauti aliziacha zikauke miaka kadhaa kabla ya kuzigusa. Wateja waliponung'unika, aliwajibu kwamba ubao haukauki kwa makelele.

Mwaka 1979 alimwoa wifi yetu, mwalimu wa muziki. Harusini alichelewa. Asubuhi ile alikuwa amepaka gundi mbao za ubavu wa piano, na gundi ikishapakwa haimngoji mtu. Lazima zipindwe na kubanwa papo hapo. Wapambe walivua makoti wakamsaidia kukaza vibanio. Wifi alicheka, ila akadai fidia: piano yake mwenyewe. Akaahidiwa. Lakini mganga hajigangi. Kila piano iliyokamilika ilipata mnunuzi, naye wifi akaendelea na kinanda kibovu cha shuleni.

Mwaka juzi hatimaye aliianza ya wifi, na saratani ya mapafu nayo ikaanza. Alijua wanashindana, nasi tulijua. Nyuzi alizifunga akiwa ameketi. Ikabaki kazi ya mwisho, kuzichoma sindano nyundo za sufu ili sauti ilainike, na mikono ikamkatalia. Hospitalini alimwambia binti yake, ambaye ni fundi pia, "Usimpe mama yako bado. Sauti yake ni kali mno."

Alifariki alfajiri ya tarehe 14 Juni mwaka huu, kazi haijaisha. Jambo hilo linatuuma sana.

Binti alitaka kuimalizia. Wifi akamzuia. "Iache hivyo hivyo, mwanangu. Alipoishia baba yako, hapo ndipo nitakapoanzia mimi."

Jana aliipiga, sote tukiwa tumesimama sebuleni. Ilikuwa kali kweli, naye hakuacha mpaka mwisho wa wimbo.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, wajukuu wawili, na mimi dada yake. Kaka, wifi ameipokea. Sasa pumzika.