Ng'ombe wa Kulinda West Side

Mbele ya duka la Mama Shami, huku West Side ya Buffalo, Marekani, kuna benchi ambalo halikuwekwa na serikali wala kanisa. Wanaume wa Kivu, Kongo, walilitoa jalalani, wakalipiga misumari, na tangu hapo kila Jumamosi mchana dunia nzima inaendeshwa kutokea pale, kwa chupa moja ya kahawa. Leo Mutware, mmoja wao, kahawa haimshuki. Wiki iliyopita watu ndani ya gari walifyatua risasi mtaani. Mzee wa nyumba ya ng'ambo ya barabara alikuja mbio akipiga kelele, na Mutware, kwa adabu za milimani kwao, akasimama ampokee kwa mikono miwili! Mzee akamwangusha chini kama gunia, risasi ikampata mzee mwenyewe pajani. Sasa mke wa Mutware, Mama Gaju, anataka wahamie Reynoldsburg, Ohio, kwa dada yake, na saa kumi na moja jioni hii mwenye nyumba anataka jibu. Mutware hataki kuhama hata kidogo. Watu wake wako hapa.

— Weye nawe! Batu banalala chini, weye unasimama kusalimia! alisema Kolonel. Ukolonel wenyewe aliupata kwa kulinda ghala la matairi wiki tatu, akafukuzwa kwa kusinzia.

— Mutu mukubwa anakuja kwako, utabaki umeikaa? alijibu Mutware. Siye hatukulelewa vile.

— Bon, tuache, akasema Profesa, aliyefundisha darasa la tatu huko Minembwe na sasa anapakia jibini kiwandani. Tutafute mupango ya usalama. Mama Gaju akiuona, atabakia.

— Zamu, akasema Kolonel. Batu babili-babili, na filimbi.

— Filimbi ya nini? akauliza Mutware.

— Mwizi ajue tuko macho.

— Aki nyinyi! Huyo alikuwa Wafula, Mkenya aliyekuja kusomea uhasibu. Benchini wanamwita Kenya. Hiyo filimbi ni ya zamani, akasema. Tufungue grupu ya WhatsApp. Ukisikia risasi, unatuma meseji.

— Ile ya kanisa imefanya nini? Kolonel alidakia. Utapigwa risasi, batakuandikia "Amina" mara makumi ine.

Mutware alicheka, kisha akamkumbuka mzee na paja lake, kicheko kikamkaukia.

— Donc, akasema Profesa, mimi nasema ng'ombe.

Benchi zima likamgeukia.

— Ng'ombe moja tu, ya pembe kubwa. Kule kwetu, mutu mubaya alipita karibu ya zizi na ng'ombe isiinue kichwa? Na hapa Amerika, nani atapiga risasi mbele ya ng'ombe? Atatoa kwanza simu apige picha!

— Iyo ni kweli kabisa, akasema Kolonel.

— Wacha! Manispaa watakubali?

— Kenya, akasema Profesa, jirani yangu anapanda ndege na bata. Eko na barua ya munganga ya kusema ile bata inamutuliza roho. Siye tushindwe na ng'ombe?

— Na theluji je?

— Tutaivalisha koti. Kanisani makoti yamejaa.

Mutware akaanza kupata ahueni. Alishamwona ng'ombe amesimama mlangoni pake na koti la bluu, Mama Gaju anafungua masanduku, nguo zinarudi kabatini. Akanywa kahawa yote kwa mkupuo.

— Ng'ombe ikilala, tuko na salamu! akaropoka. Ule wa bunduki akishuka tu, tunamukumbatia. Ng'ombe hazijambo? Batoto? Bakwe? Mama ya bakwe? Akijibu mpaka kwa shangazi, polisi imefika!

— Na akisema hana ng'ombe? akauliza Kenya.

— Tunamupa pole. Ile pole peke yake ni dakika kumi.

Wakapiga makofi. Kolonel alisimama kabisa, akatangaza kwamba katika mtaa huu hakuna mtu atakayepita bila kujulikana.

Ndipo Mama Gaju akashuka kwenye basi, amebeba sufuria iliyofungwa kwa kitenge. Mutware alimkimbilia.

— Mama Gaju, tumepata! Hatuhame tena!

Yeye akaiweka sufuria juu ya benchi. Ilikuwa imejaa.

— Natoka hospitali. Nilimupikia ule muzee sombe ya majani ya mihogo na maharagi. Kwa mulango baliniuliza ninakuja kuona nani. Nikasema, ule alilalia bwana yangu risasi zikipita. Bakasema, jina. Nikasema, siye tunamwitaka Kofia. Ule binti wa mulangoni akacheka, kisha akanionea huruma, lakini hakuniingiza. Baba Gaju, jina yake nani?

Mutware akamtazama Kolonel, Kolonel akamtazama Profesa. "Kofia" walimbatiza wao wenyewe, kwa ajili ya kofia yake ya manyoya. Miaka minne mzee anawapungia mkono, wanampungia, wanarudi kwenye hoja zao.

— Si ni John? akasema Kenya.

— John wa nani? akauliza Mama Gaju.



— Sijue, akasema Mutware. Aibu ilimshika.

Akabeba sufuria, akavuka barabara mpaka nyumbani kwa mzee, labda yuko mtu wa kumwambia jina. Kwenye sanduku la barua la mzee kulikuwa na namba tu. Akabisha. Akangoja, akabisha tena, kisha akawageukia wenzake ng'ambo, na hakuna aliyeweza kumwambia kama mzee anaishi na mtu.